Mpira Uliovimba

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mama Ombwe, naye alikuwa amelizoea kiasi kwamba akiitwa vingine hageuki. Lilianza kwa mzaha. Miaka ishirini na miwili nyuma, alipopangiwa kazi kwenye chumba cha mashine ya kukaushia chanjo, mafundi wanaume walipenda kumwambia kwamba mashine ile inafanya kazi kwa utupu, kisha wanatazamana na kuchekea viganjani. Siku ya tatu akawajibu, "Utupu ni wa bafuni kwenu. Humu ndani tunasema ombwe." Basi kicheko kikahama upande, na jina likabaki.

Kiwanda kilitengeneza chanjo ya mbuzi na kondoo. Chanjo yenyewe ilikuwa kitu hai, na ukiiacha kwenye maji yake inakufa kabla haijafika kwa mfugaji. Ilibidi ikaushwe. Vichupa vilipangwa kwenye rafu za mashine, vikagandishwa mpaka vikawa barafu, halafu pampu ikafyonza hewa yote iliyomo. Hewa ikishatoka, barafu huondoka kama mvuke bila kwanza kugeuka maji, na chini ya kichupa kinabaki kidonge cheupe, chepesi kama povu, chenye uhai uliolala. Lakini hewa ikipata pa kupenya, hata tundu la upana wa unywele, barafu inayeyuka, kidonge kinasinyaa, na uhai ule unafia usingizini.

Kati ya hewa na vile vichupa palikuwa na mlango wa chuma na mpira mmoja mweusi wa duara, mnene kama kidole gumba, uliokaa kwenye mfereji kuzunguka ukingo wa mlango. Huo mpira ndio uliokuwa kazi ya Mama Ombwe. Kabla ya kila shehena aliutoa, akaupangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, akasafisha mfereji kwa spiriti, kisha akaupitisha mpira polepole kati ya vidole huku amefumba macho, kwa sababu, alisema, kidole huona ufa kabla ya jicho. Ndipo akachukua tyubu ndogo ya grisi nyeupe, grisi maalumu ya kazi hiyo, akaminya kiasi cha punje moja ya harage, akaitandaza mpaka mpira ukang'aa bila kuonekana kwamba umepakwa.

"Grisi ni kama manukato," aliwaambia wageni waliotembezwa kiwandani. "Ukijipaka kidogo watu wanakusogelea. Ukijimwagia chupa nzima wanakukimbia."

Wageni walicheka, yeye hakucheka. Alijua kwamba grisi ikizidi inakamata vumbi na nywele, na unywele mmoja chini ya mpira unatosha kuharibu vichupa elfu nane.

Mwaka huo binti yake wa pili alijifungua, mtoto wa kwanza, kwa upasuaji. Mama Ombwe akaomba ruhusa ya siku sita akamwogeshe mjukuu. Kabla hajaondoka alimwachia maagizo msaidizi wake, mwanamume wa makamo mwenye watoto wanne, mpole hata watu wakamwita Pole. Tyubu ya grisi ilikuwa imekunjwa kutoka mkiani mpaka shingoni.

"Hii inatosha shehena moja," alimwambia. "Ikiisha kabla sijarudi, usikaushe. Umesikia, Pole?"

"Nimesikia, Mama."

"Fomu ya grisi na ya mpira wa akiba iko mezani kwa Meneja. Mwezi wa saba huu tangu niipeleke. Naona inataga mayai pale."

Meneja alikuwa mgeni. Alitoka kwenye karakana ya magari ya kampuni mama, na kule alisifiwa kwa kuyafufua malori yaliyokwisha kukatiwa tamaa. Alikuwa kijana wa haraka, mchapakazi, anakula chakula cha mchana akiwa amesimama. Mama Ombwe hakumchukia. Alimwona kama mwanawe wa kwanza, ambaye naye alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kusikiliza.

Aliporudi, Jumatatu asubuhi, harufu ilimpokea mlangoni. Chumba chake kilichokuwa kinanukia spiriti sasa kilinuka gereji. Akavaa koti jeupe, akafunga nywele, akaenda moja kwa moja kwenye mashine.

Mpira ulikuwa umepakwa grisi ya kahawia, ile ya beringi za malori, nene kama siagi kwenye mkate wa mtoto mlafi. Ndani ya grisi palinasa nyuzi za kitambaa, chembe za mchanga na, Mungu mwenyewe shahidi, bawa la nzi. Akaubonyeza mpira kwa kidole gumba. Ulibonyea kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Akautoa kwenye mfereji, akajaribu kuurudisha. Haukuingia. Ulikuwa umekunywa mafuta yale ukavimba, ukawa mrefu kuliko mfereji wake kwa vidole vitatu, ukitoa kinundu kila unapousukuma.

"Pole!"

Pole alikuja akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, nilimwambia Meneja. Nilimwambia ulisema nini. Akasema grisi ni grisi, akanituma karakana nikalete kopo. Mimi ningefanyaje?"

"Mmekausha shehena ngapi na madude haya?"

"Mbili."

Akaenda kwenye karatasi ya geji, ile inayochorwa na kalamu ya mashine yenyewe wakati wote wa kukausha. Shehena nzuri huchora mstari unaoshuka na kulala, kama mtu aliyemaliza kazi yake. Mistari ya shehena hizi mbili ilipanda na kushuka kama ya mgonjwa wa homa. Mama Ombwe alikaa kwenye stuli. Alikuwa na sababu ya kukaa. Ugonjwa wa sotoka ya mbuzi ulikuwa umelipuka kwa wafugaji wiki mbili zilizopita, na miongoni mwa wafugaji hao alikuwamo dada yake mkubwa, mwenye mbuzi thelathini, aliyempigia simu juzi tu akimwambia, "Mdogo wangu, fanyeni hima. Kwa jirani wameanza kukohoa."

Alimkuta Meneja ofisini, simu begani, kalamu mkononi. Akasubiri amalize.

"Karibu, Mama. Hongera ya mjukuu."

"Ahsante. Meneja, zile shehena mbili zisitoke."

"Zinatoka kesho asubuhi. Magari yamekwisha kupangwa."

"Mlango ulikuwa unavuja. Karatasi ya geji inasema, na mpira unasema."

Meneja alivuta pumzi. "Mama, nimevitazama vile vichupa mimi mwenyewe. Vichache vimesinyaa, tumevitoa. Vilivyobaki viko sawa. Na mchana huu tunaingiza ya tatu, imekwisha kugandishwa. Mbuzi wanakufa huko. Kila siku napigiwa simu kumi."

"Najua wanakufa. Ndiyo maana nasema."

"Maabara watapima, majibu yatakuja."

"Siku kumi baada ya mbuzi kuchomwa sindano! Mfugaji akishachanja anamwacha mbuzi wake achanganyike na wengine malishoni, anajua amekingwa. Unampelekea maji unamwambia dawa. Afadhali usimpelekee kitu, atamfungia zizini."

"Grisi ni grisi, Mama. Nimefunga injini kwa grisi hiyo miaka minane, hazivuji."

"Injini inasukuma nje. Hii inavuta ndani. Inavuta mpaka harufu ya mafuta yako na kuiweka kwenye chanjo." Akaweka mikono kiunoni. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uuzibe kwa uji."

Kijana wa watu alikasirika. Alisimama, akasema maneno ambayo baadaye alitamani angeyameza, kwamba watu wa zamani wanapenda kujifanya mashine haziwezi kwenda bila wao, na kwamba kama hataki kuwasha, Pole atawasha, na kama Pole hataki, yeye mwenyewe anajua kubonyeza kitufe.

"Kitufe kweli unakijua," Mama Ombwe akasema, akatoka.

Alirudi chumbani kwake akafungua daftari la shehena. Kwenye ukurasa wa shehena ya kwanza aliandika kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa: MLANGO ULIKUWA UNAVUJA. ISITOKE. Akatia saini. Akaandika vilevile kwenye ya pili. Mtunza chumba cha baridi, mzee mmoja mwoga wa sheria kuliko wa Mungu, asingetoa hata kichupa kimoja mbele ya wino mwekundu. Ikabaki shehena ya tatu.

Alimtazama Pole. Pole alitazama sakafu. Mama Ombwe alijua kwamba ikifika saa nane Meneja atashuka, atamwamuru, naye Pole ataurudisha ule mpira kwa kuukandamiza, maana mtu mwenye watoto wanne hawezi kusema hapana kila siku. Hakumlaumu. Akauchukua mpira, akaupangusa grisi yote kwa spiriti mpaka mikono ikamwasha, akauinua kichwani, ukashuka mabegani, ukashuka kifuani, ukamkaa kiunoni. Mama Ombwe hakuwa mwanamke mwembamba. Mpira ulimkaa sawasawa, kama uliokatwa kwa ajili yake. Juu yake akavaa koti lake, akafunga vifungo.

"Mama, unafanya nini?" Pole akauliza kwa sauti ya kunong'ona.

"Naenda kula."

"Na mpira?"

"Nao una njaa."

Hakutoka kwa kujificha. Alipita katikati ya uwanja, saa saba na nusu, wafanyakazi wakiwa wamekaa vivulini na vyakula vyao, akafika langoni. Mlinzi alikuwa mwanajeshi mstaafu, na wote walimwita Afande. Mtu yeyote anayetoa kitu cha kiwanda lazima akiandike kwenye daftari la lango.

"Afande, nipe daftari."

"Unatoa nini, Mama? Mbona sioni kitu?"

Akafungua koti. Afande akatazama mpira, akamtazama usoni, akatazama mpira tena. Akageuka akatazama ofisini kwa Meneja.

"Una kibali?"

"Sina."

"Sasa mimi nikuache vipi?"

"Wewe kazi yako ni kuhakikisha vinavyotoka vimeandikwa. Naandika. Ukitaka kunizuia nizuie, lakini itabidi univue, na mkeo tunasali pamoja."

Afande alimsogezea kalamu. Mama Ombwe aliandika kwa mwandiko wake wa shule, bila haraka, akarudisha kalamu, akashukuru, akaenda zake.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani mwenye duka la chumba kimoja mbele ya nyumba yao, alikuwa anapiga pasi suruali. Aliposikia habari yote alizima pasi kwanza, kwa kuwa alikuwa mtu wa tahadhari. Kisha akachukua futi yake ya shingoni, akaupima mpira kuuzunguka.

"Mama watoto," alisema, "miaka thelathini nakushonea, kiuno hiki hujawahi kuniambia ukweli wake."

Alicheka peke yake, mpaka mwishowe Mama Ombwe naye akacheka. Mumewe akamvutia kiti.

"Watakufukuza?"

"Wakinifukuza, watanifukuza na mkono wangu msafi."

"Basi kula kwanza. Wanaofukuzwa wakiwa na njaa wanasumbua."

Saa tisa alasiri simu zilianza. Hakupokea. Saa kumi gari la kiwanda likasimama nje, dereva akashuka na barua: afike kesho saa tatu asubuhi mbele ya Mkurugenzi, aje na mali ya kiwanda.

Mkurugenzi alikuwa daktari wa mifugo, mzee mwenye upara aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na kila mtu alimwita Daktari. Ofisini kwake walikuwapo Meneja, ambaye hakuwa amelala vizuri, na Afisa Utumishi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliyeshika daftari la lango kama mtu aliyeshika kuku wa wizi.

"Soma," Daktari akamwambia.

Afisa Utumishi akasoma: "Mpira mmoja wa mlango wa mashine ya kukaushia. Umevimba. Nimeutoa mimi. Anayeuhitaji anajua ninapokaa."

Daktari alijikuna upara. Ilikuwa vigumu kujua kama anakasirika au anazuia jambo lingine. "Mama Ombwe, umesimamisha kazi ya kiwanda kizima katikati ya mlipuko. Unalo la kusema?"

"Ninalo, Daktari, lakini sitalisema kwa mdomo. Naomba maji safi, na vichupa sita. Vitatu vya shehena niliyokausha kabla sijaondoka, vitatu vya hizi mbili za juzi. Na avichague Meneja mwenyewe, asije akasema nimechagua vibaya."

Meneja akaenda akavichagua. Alichagua vizuri, vile ambavyo havikusinyaa hata kidogo, na hilo Mama Ombwe alilihesabu kuwa uanaume. Kijana aliamini kweli alichokuwa anakisema. Daktari akavuta sindano, akatia maji kwenye kichupa cha kwanza, cha shehena ya zamani. Kidonge kiliyeyuka kabla mtu hajahesabu mpaka tatu, maji yakawa safi. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu vivyo hivyo. Akatia maji kwenye cha nne. Kidonge kilizama. Daktari akakitikisa. Kikageuka vibonge, kama maziwa yaliyochacha. Akakitikisa tena, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa mara ya tatu. Vibonge vikabaki vibonge, na juu ya maji pakatandaa utando mwembamba wenye rangi rangi, kama wa dimbwi la gereji.

Cha tano na cha sita Daktari alivitia maji kwa ajili ya kukamilisha tu.

Mama Ombwe akaufungua mpira kutoka kwenye kitambaa, akauweka mezani, akamsogezea Meneja. "Ubonyeze, mwanangu."

Meneja akaubonyeza. Kidole chake kilipoondoka, alama ilibaki.

"Shehena zote mbili zichomwe," Daktari akasema. Halafu sauti yake ikawa ya kiofisi. "Lakini kutoa mali bila kibali ni kosa. Kama kila mwenye haki ataondoka na kipande cha mashine, tutabaki na kuta. Wiki mbili nyumbani."

"Adhabu naikubali," Mama Ombwe akasema.

Afisa Utumishi akamsogezea karatasi. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, wenzake wakisubiri. Akairudisha.

"Hapa pameandikwa wizi."

"Ni neno la fomu tu, Mama."

"Mwizi haandiki daftarini anapokaa. Mimi siitii saini."

Wakambembeleza, wakamtisha kidogo, hakuitia. Akaondoka bila saini, akamwacha Afisa Utumishi akipekua kanuni kutafuta kama mtu anaweza kuadhibiwa bila karatasi.

Siku ya nne ya adhabu dada yake alipiga simu. Mama Ombwe aliona jina, akatoka uani, akapokea akiwa amesimama.

"Ni kweli ni wewe uliyezuia dawa?" Hakukuwa na salamu.

"Dada, ile haikuwa dawa."

"Nakuuliza ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sita wamekufa tangu jana. Na yule mwekundu aliyezaa mapacha amelala chini, hainuki. Daktari wa mifugo wa huku kwetu aliahidi Jumanne. Jumanne ikapita. Leo ndio nasikia kwamba aliyezuia ni mtoto wa mama yangu."

"Ungechanja kwa ile wangekufa wote. Ungewaachia malishoni ukidhani—"

"Usiniambie ningefanya nini. Mimi ndiye niliyekulipia shule kwa mbuzi, au umesahau? Hao hao."

Simu ikakatika. Mama Ombwe alibaki uani mpaka jua likamsogelea miguuni. Hakujuta. Alijipekua kweli kweli, kama anavyoupekua mpira kwa vidole, akatafuta ufa wa kujuta, hakuuona. Lakini kutojuta hakukumpunguzia maumivu hata chembe. Jioni ile mumewe hakufanya utani. Alimwekea maji ya kuoga, akakaa naye.

Mpaka mwisho wa wiki dada yake alikuwa amezika kumi na mmoja.

Siku ya nane gari la kiwanda likaja tena. Safari hii alishuka Meneja mwenyewe, akasimama dukani kwa fundi cherehani akiwa ameshika sanduku dogo la mbao kama mchumba aliyekuja na posa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mpira mpya umefika. Na grisi. Tyubu kumi na mbili."

"Miezi saba fomu haikusogea," Mama Ombwe akasema, "leo siku nane mzigo umevuka mipaka. Kumbe miguu ilikuwapo."

Meneja aliweka sanduku juu ya meza ya kushonea. Alikuwa amekonda. "Pole anaogopa kuufunga. Nami naogopa, nikisema ukweli. Vichupa vimegandishwa vinasubiri." Akatoa barua mfukoni. "Daktari amekatisha adhabu. Ukitia saini hapa twende."

Akaisoma. Iliandikwa vizuri, kwa maneno laini, na katikati ikasema kwamba uongozi, kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu, umeamua kumsamehe.

"Nani aliomba msamaha?"

"Mama, tafadhali. Mbuzi—"

"Mbuzi hawasomi barua. Twende tukafunge mpira. Hii wataiandika upya wakati mashine inavuta."

Akachukua koti lake msumarini, akaingia garini bila kusaini chochote.

Kazi yenyewe ilichukua saa mbili. Alisafisha mfereji mara nne, maana grisi ya lori ilikuwa imejificha kwenye kona kama kunguni, na kila alipopitisha kitambaa cheupe kilirudi na kahawia. Mara ya tano kikarudi cheupe. Akafumba macho, akaupitisha mpira mpya vidoleni, mzima, baridi, usio na kovu. Meneja alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Osha mikono," akamwambia bila kugeuka. "Kwa sabuni, halafu spiriti. Uje upake wewe."

"Mimi?"

"Unajua kitufe, sasa ujue na hiki."

Akaja. Akaminya grisi ya kutosha kupaka jani zima la mgomba, na Mama Ombwe akaipangusa yote, akamwambia aanze tena. Mara ya pili akaipangusa tena. Mara ya tatu aliminya punje, akaitandaza polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, mpaka mpira ukang'aa. Mama Ombwe akaukagua duara zima.

"Hapa umesahau."

Akapaka pale aliposahau. Wakafunga mlango, Pole akawasha pampu, na wote watatu wakasimama mbele ya geji. Mshale ukashuka haraka, ukapunguza mwendo, ukashuka tena. Mama Ombwe akafunga valvu ili ajaribu, kuona kama mshale utapanda pampu ikiwa haivuti. Wakasubiri robo saa nzima. Mshale haukusogea. Pole akaachia pumzi aliyokuwa ameishika sijui tangu lini.

Afisa Utumishi alileta barua mpya saa kumi. Neno kusamehe lilikuwa limeondolewa, badala yake pameandikwa kuhurumiwa. Ikarudi. Ya tatu ilisema kurejeshwa. Nayo ikarudi, kwa sababu chini kabisa, palipotajwa kichwa cha jalada, neno wizi lilikuwa bado linachungulia. Ya nne ilikuwa na mstari mmoja tu: fundi wa mashine ya kukaushia amerudi kazini. Mama Ombwe akaiweka juu ya daftari la shehena, akavaa miwani, akatia saini, akaomba nakala.

Shehena ile ilitoka nzuri, na zilizofuata zikatoka nzuri, magari yakaondoka. Lakini maneno yana miguu mirefu kuliko magari. Wafugaji walikwisha kusikia kwamba kiwanda kilitengeneza dawa mbovu, na habari ya kwamba dawa hiyo ilichomwa haikuwafikia, au iliwafikia ikiwa imegeuzwa. Daktari wa mifugo wa huko alipofika kwao na sindano, walikusanyika na mbuzi wao wakasimama mbali, kila mmoja akimtazama mwenzake atangulie.

Hayo Mama Ombwe aliyasikia kwa dada yake, mwezi mmoja baadaye. Alikuwa dukani kwa mumewe akishona vifungo simu ilipoita. Aliitazama ikaita mara tatu kabla hajapokea.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Hujambo? Mjukuu?"

"Hajambo. Ameanza kucheka."

Nyuma ya dada yake palisikika mbuzi wakilia, wengi, na mtu akiwafokea.

"Wamekataa kuchanja hawa," dada yake akasema. "Tangu asubuhi wamesimama kama nguzo. Wanasema dawa ya kiwanda kile ni maji. Wanaume wazima, kila mmoja anasubiri mbuzi wa mwenzake afe kwanza."

"Sasa?"

"Sasa nini? Nimewasukuma wangu mbele, wote kumi na tisa. Nikawaambia aliyepaka mlango wa hiyo mashine simpendi kwa sasa, lakini namjua." Akakohoa. "Usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani, Dada."

"Haya. Niache, zamu ya jirani imefika, amemshika mbuzi wake vibaya. Wewe! Mshike pembe! Pembe, nimesema!"

Na hakukata simu. Mama Ombwe aliiweka sikioni, sindano ya vifungo ikiwa bado vidoleni, akamsikiliza dada yake akiwagombeza wafugaji mmoja baada ya mwingine, mpaka mbuzi wa mwisho akapita.